Mikorosho ya Uwanjani

Mwanangu Yasmini alipopata nafasi chuo kikuu kusomea usimamizi wa viwanja na majengo ya michezo na burudani, Kibiti nzima ilicheka kwanza, ndipo ikatoa pongezi. Aliyecheka kuliko wote alikuwa shemeji yangu Ridhiwani, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye nyumba yake na yangu zimetenganishwa na uzio wa makuti tu. Alikuja uani, akakaa kwenye jamvi, akaniuliza mpira unasomewa miaka mingapi. Nikamwambia mitatu. Akasema yeye aliujua kwa jioni moja, tena bila viatu.

"Na akihitimu atakuwa nani?"

"Meneja wa uwanja."

"Uwanja gani, shemeji?"

Kibiti tulikuwa na uwanja mmoja, na uwanja wenyewe haukuwa na mlango wala mlinzi. Lilikuwa eneo wazi kando ya barabara iendayo kusini. Jioni vijana walicheza mpira. Siku ya Idi tuliswali pale. Wanawake walichezea pale ngoma za mwali, na tangu vyama vya siasa viruhusiwe kuwa vingi, kila chama kilikuja kuning'iniza vipaza sauti vyake pale. Hakuna aliyeomba ruhusa, maana hakuna aliyekuwa wa kuombwa. Magoli yalikuwa boriti za mkoko kutoka Kiongoroni, kijiji cha delta. Zikioza, mtu mwenye mtumbwi anakumbushwa, zinakuja nyingine.

Mimi sikucheka. Nina stashahada ya kilimo, nilikuwa bibi shamba wa kata, na wakulima walinicheka vilevile nilipowaambia wapogoe mikorosho. Walisema mti si kichwa cha mtoto, haunyolewi. Kazi yoyote inayosomewa ina watu wa kuicheka. Kilichonitia wasiwasi ni ajira. Serikali ilikuwa inapunguza watu, haiajiri. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wamerudishwa nyumbani na barua ya shukrani, wengine wanauza vitumbua. Nikamwambia Yasmini asome kitu ambacho serikali ikimkataa, yeye mwenyewe anaweza kukifanya.

Akanijibu kwamba ndicho hicho. Atasoma, atarudi Kibiti, ataishawishi halmashauri iupime ule uwanja na kuuandika kuwa wa umma, halafu atausimamia. Alikuwa amepanga kila kitu. Upande wa mpira, upande wa netiboli kwa wasichana ambao wakati ule walikuwa wakichezea nyuma ya choo cha shule wasionekane. Maji ya kunywa. Vyoo. Kivuli cha kukaa akina mama. Siku ya ngoma ijulikane, siku ya mkutano ijulikane, watu wasigombane. Nilimsikiliza nikiwa nachambua mchele, na ingawa sikumwambia, nilimwona anaijua kazi yake kabla hajaisomea.

Chuoni mambo hayakuwa kama alivyofikiri. Walifundishwa namna ya kusafisha bwawa la kuogelea wakiwa wamesimama kando ya bwawa lisilo na maji. Wanafunzi wa sheria waliwaita mafundi wa nyavu. Hata hivyo kila akija likizo alikuwa na jambo jipya: maji ya mvua yanavyotakiwa kutoka uwanjani, watu wanavyopita mlangoni bila kukanyagana, kwa nini mtazamaji aliyeungua na jua harudi wiki inayofuata. Na kuna neno moja mwalimu wao alilirudia mpaka Yasmini akalileta nyumbani. Uwanja usio na mtu wa kuwajibika, alisema, ni uwanja unaongoja kufa.

Mwaka wake wa kwanza haujaisha, wanafunzi waligoma kwa sababu ya kuchangishwa gharama, chuo kikafungwa, wakaambiwa kila mtu aende kwao. Akafika Kibiti masika yanaanza. Mimi nilikuwa delta, nimetumwa Kiongoroni na vijiji jirani kwa wakulima wa mpunga waliovamiwa na panya, na kwa mvua zile boti haikuwa na siku ya kurudi. Yasmini akabaki peke yake na baba yake mdogo, na hakuwa mtu wa kukaa bure. Akaamua aanze na kivuli.

Ridhiwani alikuwa na miche ya mikorosho aliyoiotesha kwa ajili ya shamba lake. Yasmini akamwomba. Ridhiwani, ambaye alimpenda mtoto yule kuliko wanawe wa kuzaa, akakubali bila kufikiri mara mbili. Akabeba miche yake, akachukua jembe lake, akachimba mashimo pande zote mbili za uwanja huku watu wakimtania kuwa ameajiriwa na chuo kikuu. Akapanda mstari ulionyooka, kwa kamba. Yasmini alimshikia kamba tu.

Nilirudi nikakuta mvua imeshaishika miche vizuri. Nilisimama pale uwanjani na viatu vyangu vya mpira vyenye matope ya delta, nikamuuliza mwanangu nani amepanda. Akasema baba mdogo. Nikauliza miche ya nani. Akasema ya baba mdogo. Nikamwambia kesho asubuhi akamwombe aing'oe kwa mkono wake mwenyewe.

Lazima nieleze, kwa asiye wa kwetu. Pwani yetu hii ardhi ya kijiji haina mwenyewe mpaka iwe na mti. Ukitaka kujua shamba ni la nani, huulizi shamba, unauliza mnazi ni wa nani, mkorosho ni wa nani, mwembe ni wa nani. Ndiyo maana mgeni akiazimwa mahali pa kulima anaambiwa apande mpunga, mahindi, mihogo, chochote kinachovunwa kikaisha, lakini asithubutu kupanda mti. Akipanda na mwenyeji akanyamaza, mahali pameshahama. Na huwezi kuukata mti wa mtu ili kumaliza maneno. Ukiukata utatozwa fidia, na ukilipa fidia umekiri mbele ya watu kuwa ulikuwa wake na ulikuwa pake.

Yasmini alilijua hili. Amezaliwa Kibiti. Lakini alinijibu kwamba hayo ni mambo ya shamba, na uwanja si shamba. Nani atadai uwanja? Alisema baba mdogo amesaidia tu, kila mtu ameona kuwa amesaidia.

"Waliona anapanda," nikamwambia. "Ing'olewe, kisha iiteni shule nzima, kila mtoto apande mmoja. Ikiwa ya wote haitakuwa ya mtu."

"Mama, miche imeshashika. Nikiing'oa itakufa. Na baba mdogo nitamwambia nini, kwamba namdhania mwizi?"

Nilikwenda kwa shemeji mwenyewe. Sikuzungukazunguka. Nikamwambia ile miti aikabidhi kwa kijiji, aseme mbele ya mwenyekiti kuwa ameitoa. Akacheka mpaka akakohoa. Aliniuliza kama nadhani yeye atakula kivuli. Akasema watu wa Mbwara, ndiko nilikozaliwa, tuna shida ya kuona mwizi katika kila jembe. Sikuona hila machoni mwake, na nadhani siku ile haikuwepo. Lakini hakwenda kwa mwenyekiti. Kila nikimkumbusha alisema wiki ijayo.

Chuo kikafunguliwa, Yasmini akarudi. Likizo iliyofuata alimletea baba yake mdogo shati la michezo lenye nembo ya chuo mgongoni. Ridhiwani akalivaa mpaka likapauka. Alimwonyesha kila mtu: mwanangu kaniletea. Miti nayo ikakua upesi. Mwalimu mmoja wa chuo akaja kukagua kazi za wanafunzi, akapiga picha mstari ule, akasema hajaona mwanafunzi aliyeanza kazi kabla ya kuambiwa. Yasmini akakubaliwa kuufanya uwanja wa Kibiti kuwa kazi yake ya kuhitimu. Halmashauri nayo ikasema ikipata mpimaji itamtuma. Akaanza kuwafundisha wasichana netiboli pale pale uwanjani, mchana, mbele ya watu. Kulikuwa na maneno mwanzoni, kisha hakukuwa na maneno.

Halafu akaja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Alikuwa anatafuta mahali pa kushushia magogo kando ya barabara: pasafi, tambarare, lori liingie na kugeuka. Aliuona uwanja, akauliza ni wa nani. Wenye maduka wakamwambia wa kijiji. Kijana mmoja wa sokoni akamwambia hapana, ile mikorosho ni ya Mzee Ridhiwani. Mtu wa Dar hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akaenda kwa Ridhiwani na kilo za sukari na maneno laini, na alipotoka, shemeji yangu alikuwa ameshajua ana uwanja.

Kijiji kikalalamika, shauri likapelekwa baraza la kata. Walikaa ndani ya ghala la ushirika, ambalo lilikuwa tupu tangu wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kununua mlangoni kwa mkulima. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Ismaily, mtu mtaratibu, anayejua mila kama anavyojua swala yake. Siku ya kwanza alisikiliza wazee. Wote walisema kweli: uwanja ulikuwa wa wote, na hakuna aliyewahi kupanda mti pale kabla. Kisha wote walisema kweli tena: miti waliona ikipandwa na Ridhiwani, na hakuna aliyemzuia.

Mzee Ismaily akasema limebaki jambo moja. Mila inamjua mpandaji, lakini inamjua pia kibarua. Mtu aliyelipwa kupanda hana mti. Mti ni wa aliyemlipa. Kwa hiyo atamwita binti wa marehemu Nassibu, mume wangu, aeleze baba yake mdogo alipanda kama nani. Ikiwa alipanda kwa ujira, miti ni ya binti, na binti akitaka anaikabidhi kijiji na mambo yanakwisha. Ikiwa alipanda kwa miche yake na hiari yake, basi.

Yasmini alikuja kutoka chuoni kwa ajili hiyo. Asubuhi ya baraza nilikuwa nakoroga uji, yeye anafunga kilemba mbele ya kioo changu kilichopasuka. Nilimwambia yale niliyokuwa nimeyafikiria.

"Shati."

"Shati gani?"

"Ulilomletea. Ukiulizwa ulimpa nini, sema ulimpa shati. Ukiulizwa la nini, sema la kazi ile. Huna haja ya kuongeza neno."

Akageuka. "Shati lilikuwa zawadi, mama."

"Najua lilikuwa nini. Nakwambia leo liwe nini."

Hakunywa uji. Mpaka leo sioni aibu kwa yale niliyomwambia. Sikumwomba amwage damu ya mtu. Nilimwomba zawadi aiite ujira, na kwa maneno hayo mawili wasichana wangekuwa na pa kuchezea, waumini na pa kuswalia, na yeye na kazi aliyoisomea.

Tulipoingia ghalani, Ridhiwani alikuwa ameshakaa. Alikuwa amevaa lile shati. Sidhani alifanya kwa makusudi; ndilo lilikuwa shati lake la kutokea. Lakini nilipoiona ile nembo mgongoni mwake nikamshukuru Mungu. Nikasema moyoni, ujira wenyewe umekuja kujishuhudia.

Mzee Ismaily alimuuliza Yasmini miche ilikuwa ya nani. Akasema ya baba mdogo. Alimuuliza nani alitoa shauri la kupanda. Akasema yeye. Watu wakaanza kunong'ona kwa matumaini. Mzee akainua mkono wakanyamaza.

"Sasa, binti, sikiliza vizuri kabla ya kujibu. Baba yako mdogo ulimpa nini kwa kazi ile?"

Yasmini alinitazama mimi. Kisha akamtazama Ridhiwani. Ridhiwani alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua udongo kwenye kucha.

"Sikumpa kitu," akasema. "Nilimwomba, akanisaidia."

"Na shati?" nikapaza sauti kutoka walikokaa wanawake.

Mzee Ismaily aliniambia mama wa shahidi anyamaze. Lakini swali lilikuwa limeshafika, naye akamgeukia Yasmini amjibu.

"Shati nilimletea kwa kuwa ni baba yangu. Yeye si kibarua wangu."

Ridhiwani akajifuta uso kwa kiganja. Akasema, kwa sauti ndogo, "Mungu akuzidishie, mwanangu." Na kwa kuwa hakuna mila inayomtaka mtu arudishe alichopewa na ukweli, Mzee Ismaily alikata shauri kabla ya adhuhuri. Miti ni ya Ridhiwani, na mahali ni pa miti. Alilisema kwa masikitiko, lakini alilisema.

Wiki ile ile uwanja ukauzwa.

Siku ile ya baraza tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika uani Yasmini ndiye aliyeanza. Aliniuliza kama kweli nilitaka amwite baba yake mdogo kibarua mbele ya watu wote, mtu aliyemshika mkono siku ya kumzika baba yake, aliyembeba mabegani kumpeleka zahanati mimi nikiwa kazini delta.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ungemwita kibarua leo, kesho ungemwomba radhi, na keshokutwa uwanja ungekuwepo."

"Na yeye je, mama? Angekuwa nani kesho?"

"Angekuwa Ridhiwani, asiye na uwanja. Kama alivyokuwa juzi."

Alirudi chuoni na basi la asubuhi, na kwa muda mrefu barua zake zilinisalimu bila kuniuliza habari.

Magogo yalikuja. Kitu cha kwanza alichofanya yule mtu wa Dar ni kukata mikorosho yote, maana lori halikuweza kugeuka. Ilikuwa imetoa maua ya kwanza. Ridhiwani alikuja kwangu mbio, jasho linamtoka, akitaka bibi shamba amwambie sheria inasemaje kuhusu mtu kukata miti bila kumwarifu mwenyewe. Nikamwambia sheria inasema aliyeuza ameuza. Alikaa kidogo uani, akanitazama kama mtu aliyepotewa na kitu asichokumbuka jina lake, kisha akaenda zake. Idi iliyofuata tuliswali barabarani mbele ya msikiti, magari yakipiga honi. Wasichana wa netiboli walirudi nyuma ya choo cha shule, halafu wakaacha kabisa. Mmoja mmoja wakaolewa.

Yasmini alihitaji uwanja mwingine ili ahitimu. Mwalimu wake alisema achague wowote, hata wa mjini. Lakini yeye bado alitaka wa kwetu, na akaniandikia kuniuliza kama namjua mtu katika kijiji cha Mkongo. Nilimjua Bi Mwanawetu, mkulima wa mpunga, mjumbe wa serikali ya kijiji na shoga yangu wa miaka. Nikampeleka mwenyewe. Tulipokewa vizuri. Tukala wali na kambale, tukaonyeshwa uwanja wao: mkubwa, unatuamisha maji upande mmoja, ng'ombe wawili katikati, magoli yameinama. Niliona macho ya mwanangu yanavyopima mteremko, na kwa mara ya kwanza tangu baraza nilimwona amesahau kunikasirikia. Alieleza mpango wake kwa heshima na bila maneno ya chuoni. Alisema safari hii hatapanda mti.

Bi Mwanawetu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika goti.

"Mwanangu, habari ya Kibiti imetufikia. Hatusemi una nia mbaya. Lakini uwanja wetu huu hauna meneja, na bado upo. Tuachie hivyo hivyo."

Nilingoja Yasmini abishe. Nilimlea ajue kubisha. Angeweza kusema kosa halikuwa usimamizi, kosa lilikuwa mti; angeweza kueleza, na Bi Mwanawetu ni mtu anayeelewa. Akasema, "Sawa, mama. Mmefanya vyema." Akaomba maji ya kunawa, tukarudi.

Alihitimu kwa kuandika juu ya uwanja mmoja wa mjini wenye ukuta na dirisha la tiketi, ambao hakuwahi kuupenda. Halmashauri ilisema haina nafasi ya kazi ya namna hiyo, na haikuwahi kuwa nayo. Sasa anasimamia ukumbi wa harusi Dar es Salaam: anapanga viti, anahesabu vijiko, anagombana na wapiga muziki wasiotaka kuzima. Anasema pia ni burudani.

Akija Kibiti, huanza kwa baba yake mdogo, ndipo aje kwangu. Namsikia ng'ambo ya uzio wanavyocheka. Jirani mmoja aliniuliza ninavyoweza kustahimili. Nikamwambia simkatazi. Amemnunua baba yule kwa uwanja mzima. Basi na amfaidi.